Mwenyekiti aliyekula kuku wa wakwe: yaliyonikuta mazishini Katito

Habari zenu wakuu.

Leo mvua imenifungia kibanda mapema. Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, na nimeona afadhali niliandike jambo hili mwenyewe kabla mtu mwingine hajaliandika. Walioliona ni wengi, na wote wana simu.

Ninayosema ni yaliyotokea. Pale nitakapoonekana mjinga, jueni sijaongeza kitu, maana hapakuwa na haja ya kuongeza.

Kwanza mnijue kidogo. Nina miaka arobaini na ushei. Nilimaliza kidato cha nne, basi, masomo yakaishia hapo. Nilizaliwa Murang'a kwenye vilima vya chai, lakini tangu nipate kitambulisho sijakaa huko. Nimekata maua Naivasha. Nimefunga marobota ya mkonge kule Mwatate. Nimekuwa dalali wa malori Malaba.

Mimi hukumbuka miji kama wengine wanavyokumbuka wachumba wa zamani. Ule ukungu wa Naivasha asubuhi, unatoka nje na kikombe cha chai huoni jirani. Wekundu wa udongo wa Mwatate kwenye kola ya shati. Kuna mama mmoja Malaba alikuwa akipika chapati, nikizikumbuka hadi leo natulia kidogo kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

Sina mke. Hiyo ni hadithi nyingine na haina mafunzo.

Sasa niko Nyamasaria, hapa mnapoingilia Kisumu mkitoka Nairobi. Nauza vyombo vya plastiki: ndoo, beseni, majagi, viti. Sisi wauzaji wa kando ya barabara tuna chama chetu. Tuna hema kubwa, viti, na sufuria za kupikia watu wengi. Mwanachama akifiwa, tunapakia vitu vyote kwenye pikapu, tunaenda kwao, tunasimamisha hema, tunapika, tunazika, tunarudi. Huku msiba hauachiwi familia peke yake. Ni jambo lililonifanya niupende mji huu kuliko yote niliyopita.

Basi mwaka jana wakanichagua mwenyekiti.

Wakuu, cheo kilinipanda kichwani kama homa.

Wiki ileile nilichonga muhuri. Chama hakina barua hata moja, lakini mimi nilikuwa na muhuri ulioandikwa MWENYEKITI, na siku za biashara mbaya nilikuwa naugonga kwenye kadibodi nione wino unavyotoka. Nikatoa kwenye bidhaa zangu kiti chenye mikono ya kuegemea, nikasema hicho kisiuzwe, ni cha kikao. Nikanunua koti la suti, la kahawia. Jua la Kisumu mnalijua. Nilikuwa nalowa jasho kama beseni lililoanikwa vibaya, lakini sikuvua.

Hayo yalikuwa ya nje. Ya ndani yalikuwa mabaya zaidi.

Kila asubuhi nilikuwa natuma neno la kutia moyo kwenye grupu letu la simu. Halafu badala ya kupanga ndoo, nakaa naangalia nani amejibu Amina na nani amesoma akanyamaza. Aliyenyamaza nilimtazama vibaya siku nzima. Siku moja naibu wangu aliandika tu kwamba omena nzuri, wale dagaa wa ziwani, imefika, akapata vidole gumba kutoka grupu zima. Neno langu la siku hiyo, ambalo lilihusu subira, lilipata kidole kimoja, na aliyekiweka aliniambia baadaye alibonyeza kwa bahati mbaya.

Nikalifunga grupu. Ikawa admini peke yake ndiye anayeandika. Admini nilikuwa mimi.

Halafu kuna suala la Kiluo. Nimekaa hapa muda wa kutosha kuuza beseni kwa Kiluo na kuuliza mtu ameamkaje. Zaidi ya hapo nadandia tu. Wanachama wangu wakikaa wanaongea Kiluo chao, mara wanaangua kicheko, na mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni mimi ninayechekwa. Wangecheka kuhusu mbuzi aliyepita, mimi nashika kola yangu kuona kama imekunjika. Kuna siku nilisimamisha kikao nikadai nitafsiriwe kicheko. Wakanitafsiria. Ilikuwa habari ya mtu aliyepanda baiskeli na mbuzi huko Ahero. Hata sikuamini.

Naibu niliyemtaja ni mama muuza omena, tunamwita Nyaseme, yaani binti wa Seme, kwa sababu kwao ni upande wa Kombewa. Yeye hana muhuri. Akisema "jameni, viti", viti vinapangwa. Nikisema mimi, watu wananiuliza vipi, vingapi, na kwa nini. Hilo nalo lilikuwa linaninyima usingizi.

Sasa tuingie kwenye msiba.

Mwenzetu Ouma, fundi wa nguo, anakaa na cherehani yake vibanda viwili kutoka kwangu. Mtu mpole sana. Akafiwa na mama yake. Boma lao liko Nyakach, si mbali na senta ya Katito, ukitoka barabara ya lami unatembea kidogo tu.

Jumamosi alfajiri tukapakia. Dereva wetu wa pikapu ni Baba Quinter, naye ni mwanachama. Njiani mimi nilikuwa mbele nimevaa koti, ninarudia hotuba moyoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu umoja. Kwenye matanga ya huku makundi yote huitwa kusalimia, na kiongozi wa kundi hupewa maiki. Hiyo maiki nilikuwa nimeiota.

Tukafika, tukasimamisha hema letu mbele ya nyumba. Jeneza likawekwa chini yake, na familia ikakaa pembeni. Wanachama wetu wakaenda kukaa kwenye mabenchi nyuma, karibu na masufuria, wengine wakaanza kuchambua maharagwe.

Mimi nikaangalia yale mabenchi. Nikaangalia koti langu. Nikasema hapana, mwenyekiti hawezi kukaa karibu na kuni.

Upande wa kulia palikuwa na hema dogo, zuri, viti vyake vimevishwa vitambaa vyeupe, na hakuna mtu. Nikajiambia hapa ndipo wanapowekwa viongozi. Nikaingia nikakaa katikati, nikapandisha mguu juu ya mwingine.

Nyaseme kule nyuma akaanza kunipungia mkono. Nikamwinulia kichwa kwa heshima. Akapunga tena, mikono yote miwili. Nikamwinulia kichwa mara ya pili, polepole zaidi, kama waziri.

Haukupita muda, msichana akaja na maji ya kunawa, akainama kabisa. Jagi lenyewe nililitambua, ni la kwangu, zile za bluu. Nikanawa. Ikaja soda baridi. Ikaja ugali, na pembeni kuku, si kipande cha kuku, kuku wa maana, na mchuzi wake. Kila aliyeleta kitu alisema karibu sana na akarudi kinyumenyume.

Wakuu, nilikula kwa amani ambayo sijawahi kuipata. Nikawaza, hatimaye. Huku Nyakach wanajua kiongozi ni nini. Nilifikiria hata kuwaambia wale wa Nyamasaria waje wajifunze.

Niko kwenye paja nikasikia watu wanaingia wakiimba. Msafara mzima. Wanaume wa suti, wanawake wa leso za sare, na nyuma yao kijana anavuta fahali. Watu wote wakasimama. Na ule msafara ukawa unakuja moja kwa moja kwenye hema langu.

Kwa wasiojua mila za huku: aliyeoa binti wa boma lenye msiba huja na watu wake na ng'ombe. Hao ni wakwe. Wana mahali pao, wana chakula chao, na hakuna mtu mwingine anayekaa hapo wala kugusa kile chakula. Heshima ya wakwe ni kitu kizito. Unaweza kukosea jina la marehemu ukasamehewa kabla ya kusamehewa hilo.

Mimi nilikuwa nimelikosea hilo na mfupa mkononi.

Emsii alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye kofia, ulimi kama wembe. Akaukaribisha msafara kwa maneno mazuri, halafu akaniona. Akashusha maiki, akaipandisha tena.

"Mzee wangu, karibu sana. Hebu tusaidie. Umeoa binti yupi wa boma hili?"

Hapo, wakuu, mtu mwenye akili angesema samahani, nimepotea, akacheka, akaondoka. Mimi nilisimama nikafunga kifungo cha koti. Nikasema kwa sauti, "Mimi ni mwenyekiti."

"Wa wakwe?"

"Wa Nyamasaria."

"Umeoa Nyamasaria yote?"

Boma likapasuka. Wamama walishikana mabega. Binti mmoja wa marehemu akapiga kelele kutoka kwenye familia, "Yawa, mimi huyu simjui! Bwanangu ni yule wa ng'ombe!" Shangazi mmoja mzee, mjane, akasimama na fimbo yake akasema kwa Kiswahili ili nisikie vizuri, "Kuku ya mkwe hailiwi bure. Kama ameshakula, mimi bado sina mtu. Alete ng'ombe."

Nilitoka pale. Sikutoka kwa kukimbia, nilitoka kwa ule mwendo wa mtu anayejifanya ana simu ya kupokea.

Nikazunguka hadi nyuma ya hema letu kubwa, upande usio na watu. Masikio yalikuwa yanawaka. Na hapo nikafanya kitu ambacho ndicho hasa kilinifanya niandike uzi huu, maana mambo ya kuku ni kichekesho tu.

Niliinama nikaanza kufungua kamba za hema.

Nilikuwa najiambia hili hema ni letu. Sisi tumelileta, na mimi ndiye mwenyekiti. Kama hawanitambui basi wakae juani. Nilifungua ya kwanza, nikafungua ya pili. Vidole bado vilikuwa na mafuta ya kuku.

Nikamwona Baba Quinter amelala ndani ya pikapu, mlango wazi. Nikamwendea.

"Leta gari nyuma ya hema."

"Ya nini, chairman?"

"Tunaondoka na hema letu."

Akaketi. Akaniangalia kutoka chini mpaka juu. "Chairman, marehemu yuko chini ya hiyo hema."

"Nimesema leta gari."

"Mimi nilikodishwa kuleta hema. Sikukodishwa kuvua maiti nguo." Akateremka, akaenda kumwita Nyaseme.

Nyaseme akaja anapangusa mikono kwenye leso. Mambo ya kamba hakuyajua, alidhani ni maneno tu.

"Mwenyekiti, nimekupungia mkono mpaka bega likauma. Ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unanisalimia."

"Tumetoka na gari moja asubuhi. Nikusalimie tena ya nini?"

Nikamwambia wamenidharau.

"Nani?"

"Wote."

"Hao wote hawakujui, mwenyekiti. Na hiyo ndiyo imekuuma, si kudharauliwa." Akacheka kidogo. "Twende tukae. Wewe umekula kuku, sisi tumekula maharagwe, na ni wewe umekasirika."

Nikaondoka nikashika njia ya kwenda barabarani, na zile kamba mbili nikaziacha vilevile.

Pale Katito barabara zinagawanyika. Hii inarudi Kisumu, hii inaenda Kisii, hii inakata kwenda Kendu Bay. Nilisimama na koti langu begani. Makanga akawa anaita watu wa Kisii, akaniuliza, "Mzee, Kisii? Twende?"

Na nitawaambia ukweli, nilikuwa naenda. Mguu ulikuwa umeshainuka. Nikawa napiga hesabu moyoni: Kisii, halafu Migori, halafu Isebania kwenye mpaka, huko mtu anaweza kuuza chochote. Bidhaa zangu Nyamasaria nitamtuma mtu aniuzie. Nilianza hata kuiona Isebania, asubuhi zake, mahali nitakapokunywa chai. Nilianza kuipenda kabla sijafika.

Hapo ndipo nilipojishtukia.

Kwa sababu nililijua lile joto tamu la kuanza upya. Naivasha niliondoka baada ya supavaiza kuiga mwendo wangu mbele ya wenzangu. Mwatate niliondoka kwa sababu niliomba uongozi wa timu ya mpira, nikapata kura moja, na hiyo moja niliipiga mimi. Malaba niliondoka kwa sababu madereva walinipa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Kote huko nimekuwa nikiwaambia watu nilifuata riziki. Riziki gani? Nilikuwa nakimbia vicheko.

Na wale waliocheka huko, nina hakika, wapo. Supavaiza pengine ana wajukuu. Wale madereva wanakula zile chapati hadi leo. Wao wana miji yao. Mimi nina kumbukumbu nzuri sana za miji ambayo hakuna mtu anayenikumbuka.

Nikiwa bado nawaza, vumbi likainuka barabarani. Wamama wa nyanya wakaanza kufunika biashara. Nikaangalia upande wa mlima wa Nyabondo, kumekuwa kweusi, na upepo unashuka kutoka huko.

Nikakumbuka kamba.

Wakuu, koti nililiacha pale pale, sijui nani analivaa siku hizi. Niliruka kwenye boda. Kijana wa boda akageuka akaniangalia vizuri.

"Mzee, si wewe ndiye yule mkwe?"

Hata saa nzima haikuwa imepita. Stage nzima ilikuwa inajua.

"Ndiyo mimi. Endesha."

Tulipoingia bomani, ile kona ya nyuma ya hema ilikuwa inapanda na kushuka kama sketi. Nguzo imeanza kuinama upande wa jeneza. Dada zake Ouma wamesimama wamelishika jeneza kwa mikono, na pasta amefunga Biblia. Watu walikuwa wanakimbia huku na huku na hakuna aliyejua tatizo liko wapi, maana kamba zilikuwa nyuma. Aliyejua ni mimi.

Nikazunguka, nikadaka kamba ya kwanza, nikajiviringisha nayo kiunoni, nikakaa chini kwa uzito wangu wote. Ya pili nikaishika kwa mikono. Vigingi vilikuwa vimeng'oka na sikuviona. Basi mimi nikawa kigingi.

Hema likatulia. Sasa turubai la nyuma lilikuwa limejikunja juu, kwa hiyo boma zima lilikuwa linaniona: nimekaa kwenye nyasi, shati nje, kamba kiunoni.

Emsii akaniona wa kwanza.

"Jameni, mkwe amerudi!" Akasogea na maiki. "Na amekuja na kamba. Lakini mzee, kamba tunaiona. Ng'ombe iko wapi?"

Kikaanza tena kile kicheko. Kikaja kama kilivyokuja mara ya kwanza, kutoka pande zote. Nikajisikia uso unapata moto, na miguu ikataka kufanya kazi yake ya siku zote.

Lakini nisingeweza kuondoka. Ningeachia kamba, nguzo ingemwangukia mama yake Ouma. Kwa mara ya kwanza maishani nilichekwa na watu wengi nikiwa mahali ambapo ilibidi nikae tu, kiendelee hadi kiishe.

Na kilipoendelea nikaona kitu cha ajabu. Haikuuma vile nilivyodhani. Ilikuwa kama maji ya baridi: ile ya kwanza ndiyo mbaya, halafu mwili unazoea. Nikawaangalia nyuso. Yule shangazi wa fimbo alikuwa anacheka machozi yakimtoka, na alikuwa amelia tangu asubuhi kwa namna nyingine. Hakuna aliyekuwa ananichukia. Wengi walikuwa wamesahau hata ni mimi, walikuwa wanacheka tu, wamepata nafasi.

Nikasema, "Ng'ombe imekataa kupanda boda."

Nilisema kawaida tu, lakini emsii alikuwa ameshanisogezea maiki.

Sijui kama mmewahi kusikia boma la Nyakach likicheka wakati mvua inaanza. Emsii mwenyewe alivua kofia. Mkwe wa kweli, yule wa suti, akatoka kwenye hema lake la vitambaa vyeupe, akaja akakaa chini kwenye nyasi kando yangu, akanipokonya ile kamba ya pili.

"Lete hiyo, shemeji," akasema. "Sisi wakwe tusaidiane."

Kisha akaja Ouma. Macho yamevimba. Akachuchumaa mbele yangu, na kwa sababu alikuwa mtu mpole nikaona siwezi kukaa pale kama shujaa wa hema.

Nikamwambia chinichini, "Ouma, hizi kamba si upepo. Nilizifungua mimi."

"Najua. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilikuja kulia kidogo mahali hakuna watu. Nikakuona umeinama."

"Mbona hukunikataza?"

Akaangalia mikono yake. "Chairman, leo namzika mama. Nilikuwa nimechoka. Niliona hata hema ikienda, iende." Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. "Ati ng'ombe imekataa boda," akasema. "Mama angependa hiyo. Mama alikuwa mtu wa kucheka, yawa."

Akakaa hapo nasi mpaka mvua ilipopungua. Hakuniambia nimesamehewa na mimi sikuuliza. Ni mara ya kwanza nilimkosea mtu nikakaa karibu naye bila kumlazimisha anihakikishie kwamba mimi si mtu mbaya.

Baadaye wakanipa maiki palepale nilipokuwa. Ile hotuba ya umoja ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti lilikuwa Katito. Nikasema tu kwamba mama huyu kila Ouma akirudi kutoka nyumbani alikuwa anatutumia karanga za kuchoma, na kwamba kibandani kwangu tulizila bila kumwona. Nikawaomba watu wa Nyamasaria wasimame. Wakasimama, na mikono yao ya kuni na maharagwe. Hotuba ikaishia hapo, na hata kuketi sikuhitaji, maana nilikuwa nimekaa tayari.

Tulizika kukiwa na matope. Hema halikuanguka.

Kikao kilichofuata pale Nyamasaria kilikuwa Jumapili alasiri. Ajenda ilikuwa mimi. Niliieleza yote, pamoja na kamba. Baba Quinter alisikia habari ya kamba akasonya kwa muda mrefu sana. Nikawaambia wakitaka mwenyekiti mwingine wachague, mimi nitakuwepo tu, siendi mahali.

Wakaanza kujadiliana kwa Kiluo, mbele yangu. Wakajadili, wakabishana, mama mmoja akapandisha sauti, halafu wakaangua kicheko, wote. Nikasikia neno "or", yaani mkwe, mara nyingi. Nilikaa. Nilikuwa kwenye benchi, kile kiti cha mikono nilishakiuza. Sikushika kola. Sikuomba tafsiri. Palikuwa na kunguru juu ya paa la posho mill nikawa namwangalia.

Mwisho Nyaseme akanigeukia. "Utaendelea, mwenyekiti."

Ule ugonjwa wa zamani ukanishika kidogo, nikauliza, "Ni kwa sababu gani?"

Baba Quinter ndiye aliyejibu. "Omera, ndugu yangu, tukikuambia ukweli, hata mara ya kwanza hatukukuchagua kwa akili. Upande wa mitumba haungemkubali mtu wa samaki, na wa samaki hawangemkubali mtu wa mitumba. Wewe ulikuwa wa ndoo. Ndoo haina adui."

Wakuu, mwaka mmoja kabla ya hapo neno hilo lingeniua. Ningekuwa Isebania kabla ya jua kuzama. Siku hiyo nililichukua, nikaligeuza huku na huku, nikaona ni kweli, na nikaona naweza kufanya kazi nalo. Kumbe sababu ya kuchaguliwa si lazima iwe nzuri ndiyo kazi iwe nzuri.

Nikasema, "Haya. Ajenda inayofuata." Na kweli kulikuwa na ajenda inayofuata: turubai lilikuwa limechanika kona ile niliyofungua. Ouma alilishona yeye mwenyewe, na mimi nilimshikia kitambaa.

Nililofunzwa ni dogo, na sijui kama nimelishika vizuri. Nilikuwa nadhani utulivu wa kiongozi unatoka kwa watu: wakuite, wasimame ukipita, wakujibu Amina. Basi kila siku nilikuwa naenda kwao kuomba, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani kila jioni, na jirani asipokuwepo chakula kinakosa ladha. Na mtu anayeomba namna hiyo ni hatari. Siku akinyimwa anaweza kufungulia kamba hata jeneza.

Sijapona kabisa. Jana nimeandika kwenye grupu, ambalo niliwafungulia, na hakuna aliyejibu. Nilishika simu mara kadhaa. Halafu nikaenda kupanga majagi. Naitwa mkwe kuanzia Nyamasaria hadi stage ya Katito, na nikiitwa naitika.

Sasa nawauliza nyinyi mnaoongoza chochote, chama, kwaya, stage ya boda, hata nyumba yako tu: siku ile ulipochekwa mbele za watu, ulikaa au uliondoka? Na wewe uliyeondoka, naomba uniandikie hapa chini bila haya, maana mimi ni mwenzako: ulifika wapi?